LSAT haiulizi sheria

Nairobi bado kuna wanaojiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria vya Marekani, kwa kukariri Katiba ya 2010 na kesi maarufu. Jasho la bure. Mtihani huo hauulizi kifungu hata kimoja cha sheria, iwe ya Kenya au ya Marekani. Tangu Agosti 2024 alama zake hutokana na sehemu mbili za kuchambua hoja na moja ya ufahamu, kila moja dakika 35. Kuna na ya nne isiyohesabiwa, ila hutajua ni ipi kati ya zote. (Ile michezo ya mantiki, mafumbo ya kupanga watu au vitu kwa masharti, iliyowatisha wengi imeondolewa, kwa hiyo vitabu vya mitumba vya kule mjini nunua kwa tahadhari.)

Kufanya karatasi nyingi za zamani, peke yake, nako hakupandishi alama. Kazi iko kwenye swali ulilokosa: lirudie bila saa, bila kusoma maelezo, useme kasoro ya chaguo lililokuvutia ni ipi. Mara nyingi utakuta limesema "wote" pale hoja iliposema "baadhi". Na usiache swali tupu. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama.