Sabuni na soksi kwanza: begi la kijana anayekwenda kulala porini

Mzazi akinionyesha vifaa alivyomwandalia mwanawe, mimi hutafuta vitu viwili kabla ya vingine vyote: sabuni na soksi. Hema, tochi na kisu huwa havikosi, maana ndivyo vinavyopendeza dukani. Lakini kwa sisi tunaoongoza vijana kwenye safari za miguu za siku kadhaa, kinachomrudisha mtoto nyumbani kabla ya wakati mara nyingi ni tumbo au nyayo.

Tumbo likichafuka, kila mtu hulaumu maji ya mto. Mimi huanza kushuku mikono. Vijana hupokezana chupa, huonja chakula kwa kijiko kimoja, na wote huingiza mikono kwenye mfuko uleule wa vitafunio. Sanitaiza wanazo, tena zinaning'inia kwenye mabegi, ila haziwezi vizuri norovirusi, mojawapo ya virusi wanaosambaza kuhara na kutapika kwa kasi kubwa. Mkono wenye tope au mafuta nao huipunguzia nguvu. Kwa hiyo tukifika kambini, kabla hata ya hema kusimama, tunafunga kibuyu chirizi: chupa yenye tundu, kamba, na kipande cha sabuni ndani ya soksi kuukuu. Kinakaa kwenye njia itokayo chooni kwenda jikoni, ili asiwepo wa kukikwepa. Vitafunio vinamiminwa kiganjani. Hakuna kutia mkono mfukoni.

Choo ndicho kinachohitaji maelezo zaidi, na ndicho viongozi wengi hukipita haraka kwa aibu. Kijana asiyejua aende wapi na afanyeje atabana. Atapunguza kunywa maji ili asihitaji kwenda, na siku ya pili utamkuta amefunga choo, kichwa kinamuuma, hana hamu ya kula. Siku ya kwanza kabisa nawachimbia shimo la mfano mbele ya wote: kina cha sentimita 15 hadi 20, kwa sababu udongo wa juu ndio wenye vijidudu vinavyoozesha kinyesi, umbali wa mita 60 hivi kutoka kwenye maji, njia na kambi, yaani kama hatua 80 za mtu mzima. Sepeto ndogo, karatasi na sabuni vinakaa kwenye mfuko mmoja unaoning'inizwa mahali panapojulikana. Mfuko usipokuwepo, ujue kuna mtu huko, usiende. Hakuna anayelazimika kutangaza safari yake. Vitambaa laini vyenye unyevu, hata vikiandikwa kwamba vinaoza, havifukiwi: vingi vina nyuzi za plastiki. Vinarudi nyumbani ndani ya mfuko unaofungika.

Hali kadhalika pedi zilizotumika. Ukizifukia, wanyama watazifukua. Kila msichana abebe za kutosha pamoja na mfuko usioonyesha ndani, hata kama siku zake bado, kwa sababu uchovu wa safari unaweza kuubadili mzunguko. Mimi hubeba akiba na hulitaja jambo hili mbele ya kundi zima, wavulana wakiwemo, kwa sauti ileile ninayotajia plasta. Wakati wa kunong'ona ndipo aibu inapoanza.

Nyayo sasa. Lengelenge huletwa na msuguano, na ngozi iliyolowa hujeruhika upesi zaidi. Soksi za pamba hufyonza jasho na kukaa nalo. Chagua za sufu au za nyuzi za viwandani. Jozi mbili za kutembelea zinazopokezana zinatosha, na moja ya kulalia ambayo haiingii kiatuni hata kwa dakika tano. Viatu vipya vivaliwe kwanza kwenye matembezi mafupi, na kucha zikatwe siku chache kabla, la sivyo vidole vitagonga mbele kwenye kila mteremko. Kijana hatakwambia kisigino kinawaka, hasa wenzake wakiwa wanamsikia. Ndiyo maana saa ya kwanza ya mwendo haiishi kabla sijawasimamisha wote wavue viatu. Ngozi ikiwa nyekundu, inabandikwa plasta hapohapo.

Kuhusu kuoga, sidai makuu. Kitambaa kilicholoweshwa kipite kwapani, mapajani na miguuni kila jioni, kisha nguo kavu za kulalia. Sabuni isiingie mtoni, hata ile inayosifiwa kuwa rafiki wa mazingira. Maji machafu yamwagwe mbali, kwenye udongo. Manukato yabaki nyumbani. Jasho halijamkatishia mtu safari.

Begi lenyewe lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mbebaji, na kwa mwenye mwili mdogo nashusha zaidi. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukimbana tumboni, begi ni fupi mno kwake. Vizito vikae karibu na mgongo. Mfuko mgumu wa plastiki ndani ya begi naupenda kuliko kifuniko cha nje, kwa sababu mvua huteremkia mgongoni ambako kifuniko hakifiki.

Maji tunayachemsha au kuyachuja. Yakishatokota kwa nguvu, dakika 1 inatosha. Juu ya mita 2,000 subiri dakika 3. Vichujio vingi vya kubebwa huzuia bakteria lakini huachia virusi, kwa hiyo palipo na makazi ya watu juu ya mto, chemsha. Na usiku wa baridi kali lala na kichujio ndani ya begi la kulalia: maji yaliyobaki ndani yakiganda, vijirija vyake hupasuka bila kuonekana kwa nje, na hapo hakifai tena.