Usiguse domeini bado, bosi

Nimeambiwa tena: "Hamisha tu domeini tuione tovuti mpya, ikiwa na kasoro tunairudisha." Tunairudisha! DNS, huduma inayotafsiri jina la tovuti kuwa anwani ya seva, si bodaboda ya kuiambia geuza.

Ukibadilisha rekodi ya A, ile inayosema domeini iko kwenye seva gani, kila seva ya DNS iliyokwisha kupata jibu la zamani italing'ang'ania hadi TTL, yaani muda ulioruhusiwa kulihifadhi, iishe. Ukirudisha baada ya nusu saa, zile zilizochukua jibu jipya nazo zinabaki nalo. Wateja wako hapo wamegawanyika: hawa wanaagiza kwenye duka la zamani, wale kwenye jipya, na oda zimelala kwenye databesi mbili. Kuziunganisha ni kazi ambayo bei yake nitakutajia ukiwa umekaa.

Na yote hayo kwa kitu unachoweza kukiona leo bila kumgusa mtu. Kabla ya kuuliza DNS, kompyuta yako huangalia faili liitwalo hosts. Ni masalia ya enzi za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, kabla DNS haijabuniwa mwaka 1983, wakati majina ya kompyuta zote yaliandikwa kwenye faili moja na kila kituo kikanakili. Kwenye Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, kwenye Mac na Linux ni /etc/hosts. Lifungue kama msimamizi, ongeza mstari wenye IP (namba ya anwani) ya seva mpya, mfano:

203.0.113.25 example.com www.example.com

Usiweke https wala mkwaju (/). Angalia Notepad isikuhifadhie hosts.txt. Kwenye Windows piga amri ya ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani, funga brauza, fungua upya. Basi.

"Si kuna ile linki ya muda ya hostingi?" Ipo, na ndiyo inayonipandisha presha. WordPress, mfumo unaoendesha tovuti yako, huweka anwani yake ndani ya databesi. Ukiingia kwa linki ya muda inakurusha kwenye domeini halisi, yaani tovuti ya zamani, halafu unanipigia kwamba kazi haijafanyika. Mjanja mwingine anabadilisha anwani zote kwa SQL, yaani amri za moja kwa moja kwenye databesi. Mipangilio mingi humo imehifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake. Anwani ikirefuka na idadi ikabaki ileile, WordPress inashindwa kuisoma, na widgeti zinatoweka. Kwa hosts, tovuti inajiona iko nyumbani kwake. Hubadilishi kitu.

Brauza ikilalamikia cheti cha HTTPS, ni kawaida. Let's Encrypt, inayotoa vyeti hivyo, ikikagua kwa HTTP hufuata DNS ya umma, nayo bado inaelekeza seva ya zamani. Kama tovuti hutumia HSTS, agizo la kuilazimisha brauza itumie HTTPS tu, brauza haikupi hata kitufe cha kupita. Nakili cheti kilichopo pamoja na ufunguo wake, au omba kipya kwa kuweka rekodi ya TXT, maandishi ya uthibitisho, kwenye DNS.

Sasa lile ambalo mafunzo mengi hulikwepa: hata kila ukurasa ukionekana safi, bado moyo wangu hautulii. Mstari ule unajulikana na kompyuta yako tu. Mtandao wa simu unapotuma majibu ya malipo ya M-Pesa kwenye domeini yako, hausomi hosts yako. Majibu yanaenda seva ya zamani, na oda yako ya majaribio inakaa inasubiri. Seva mpya yenyewe, wp-cron (ratiba ya kazi za ndani ya WordPress) ikijiita kwa jina la domeini, inaweza kwenda kugonga kwa mwenzake wa zamani. Hilo la pili nalitibu kwa kuweka mstari uleule kwenye hosts ya seva. La malipo sina dawa kamili. Nashusha TTL hadi sekunde 300 siku moja kabla, nahama usiku, kisha nanunua kitu cha bei ndogo kwa simu yangu mwenyewe na kusubiri.

Ukishahama, futa ule mstari. Usipoufuta, siku tukibadilisha IP utaniambia tovuti imekufa, na nchi nzima inaiona isipokuwa wewe.