P-4 kwenye shreda maana yake nini?

Ukitafuta shreda, yaani mashine ya kuchana karatasi, utakuta kwenye boksi alama kama P-2, P-4 au P-5. Wengi hudhani ni nguvu ya mota. Siyo. Ni kiwango cha usalama: P ni ya karatasi (diski za kompyuta zina herufi yake, H), na namba inaonyesha ukubwa wa mwisho unaoruhusiwa kwa kipande kinachotoka. Ngazi ziko saba. Zilipangwa Ujerumani katika kiwango cha DIN 66399 cha mwaka 2012, na mwaka 2018 zikaingia kwenye kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 21964.

P-1 na P-2 kwa kawaida hutoa mikanda mirefu. Ile ya P-2 haizidi upana wa milimita 6, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu mstari wa maandishi ya kompyuta una kimo cha milimita 4 au 5 hivi. Chukua jedwali lililochapwa kwa upana wa karatasi, uliingize mistari yake ikifuata visu: mkanda mmoja unatoka na jina, namba ya akaunti na salio, vyote vizima. Hata mistari ikikatwa, mtu mwenye subira ataiunga. Baada ya ubalozi wa Marekani kutekwa mjini Tehran mwaka 1979, Wairani waliunganisha kwa mikono hati zilizokwisha chanwa hivyo, kisha wakazichapisha vitabuni.

P-4 hukata kwa urefu na kwa upana, kipande kisizidi milimita za mraba 160. Kwa vipande vya milimita 4 kwa 40, karatasi moja ya A4 inatoa kama 390. P-5 yenye vipande vya 2 kwa 15 inatoa zaidi ya 2,000. Taarifa za benki, hati za mshahara na nakala za vitambulisho, P-4 inazitosha. Ofisi yenye mafaili ya wagonjwa au ya kesi ipande hadi P-5. P-7 waachiwe wenye siri za dola. Kadiri chenga zinavyokuwa ndogo, ndivyo mashine inavyomeza karatasi chache kwa mkupuo, vumbi linazidi na visu vinadai mafuta kila mara.

Namba hiyo haikwambii shreda inafanya kazi kwa muda gani. Nyingi za nyumbani huchana dakika chache tu, kisha hujizima na kupoa hata nusu saa. Kwa ofisi, mimi ningesoma muda huo kwanza kabla ya idadi ya karatasi inazomeza kwa mkupuo, ambayo hupimwa kwa karatasi mpya zilizonyooka, si bili zilizokunjwa mara tatu.

Na mafuta ya visu yawe ya kudondosha. Ya kopo la kupuliza yana gesi inayoweza kushika moto kwa cheche ya mota.