Madoa ya maji kwenye rangi ya gari: ukoko na kovu si kitu kimoja

Madoa ya maji ni alama zinazobaki kwenye bodi ya gari baada ya tone kukauka lenyewe. Maji hupaa, madini hubaki. Maana yake ni hiyo tu. Tatizo ni kwamba jina hili siku hizi linabandikwa kila duara jeupe linaloonekana kwenye boneti, na dawa inayotajwa ni ileile moja: pulishi.

Hapo vinachanganywa vitu viwili. Cha kwanza ni ukoko. Maji ya visima, hasa yale ya ukanda wa pwani ambayo watu husema yana chumvichumvi, hubeba kalsiamu na magnesiamu. Yakikaukia kwenye bodi huacha chokaa, ileile inayoganda ndani ya birika. Ukoko umekaa juu ya rangi. Ukipitisha kidole kwenye bodi iliyooshwa, unausikia ukikwaruza. Cha pili ni kovu. Tone linapopungua juani, kilichomo ndani yake huzidi kukolea, na bati likiwa la moto huanza kuila klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi. Alama sasa imezama. Hata ukisafisha kila kitu, duara linabaki, kwa kuwa juu yake hakuna cha kufuta. Matone yanayodondoka kutoka dari la zege kwenye maegesho ya chini ya maghorofa ni mabaya kuliko ya mpira wa kuoshea: yana chokaa kali, na huacha ukoko na kovu kwa pamoja.

Tofauti hii ina gharama. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa kama mikroni 40 hadi 50 (mikroni 1,000 ni milimita moja), na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Kapaundi, yaani pulishi kali yenye chembe za kusugua, haiyeyushi chokaa; inakata klia. Kila ukoko unaoondolewa kwa kapaundi umeondoka na sehemu ya kinga hiyo, na chembe za chokaa zinazoburuzwa chini ya sponji huongeza mikwaruzo ambayo haikuwepo.

Ukoko unataka asidi hafifu. Osha gari kwa shampuu ya magari, kivulini, bodi ikiwa imepoa. Changanya siki nyeupe na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu. Maji hayo huuzwa kwa ajili ya betri, ila soma chupa vizuri usije ukachukua asidi ya betri. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha. Kisha lowesha kitambaa cha mikrofaiba, kilaze juu ya doa kwa dakika moja au mbili, futa bila kukandamiza, suuza kwa maji mengi na ukaushe papo hapo. Usiache siki ikauke, na usiifikishe kwenye alumini au chuma kilicho wazi. Ukoko mzito hurudiwa mara mbili au tatu. Siki hudhoofisha nta pia, kwa hiyo paka nta upya ukimaliza.

Sabuni ya unga haisaidii hapa: ni ya upande wa alkali, haiyeyushi chokaa, na huondoa nta vilevile. Mafuta ya taa hufanya doa lisionekane kwa muda kwa sababu yanalifunika. Yakikauka, doa liko palepale.

Siki ikishindwa, mulika tochi kwa pembeni na upitishe kidole. Kama bado panakwaruza, huenda ni silika, madini kama ya mchanga, ambayo siki haiyeyushi. Kama pako laini lakini duara linaonekana, hilo ni kovu, na hapo ndipo pulishi ina kazi. Anza na pulishi laini na sponji laini. Fundi makini hupima kwanza unene wa rangi, na kovu lililozama sana huliacha badala ya kupiga msasa hadi klia iishe.

Basi fundi akisema gari lina madoa ya maji na lipigwe kapaundi, si lazima kubishana naye. Mwombe alaze kitambaa cha siki kwenye kipande kimoja cha boneti kwa dakika moja, kisha mtazame pamoja kilichobaki.