Seli shina za ubongo: kulala nako kuna gharama

Wengi hudhani seli shina, yaani zile zinazozaa seli nyingine, huzeeka kwa sababu zimegawanyika mno. Za ubongo sivyo. Kwa mtu mzima nyingi zimelala, hazigawanyiki, na mimi naona tatizo lao linaanzia humo humo usingizini.

DNA haisalimiki eti kwa kuwa seli imetulia. Tomas Lindahl, mmoja wa watatu waliopata Nobel ya kemia 2015, alionyesha kwamba kila seli hupoteza maelfu ya herufi, vipande vidogo vya DNA, kwa siku kwa sababu tu DNA imo ndani ya maji yenye joto. Hayo ni madogo: DNA ina nyuzi mbili, na seli inausoma ule wa pili na kuziba pengo. Balaa ni nyuzi zote mbili zikikatika pamoja.

Seli inayokaribia kugawanyika imeshanakili DNA yake, kwa hiyo ina pa kusahihishia. Iliyolala haina. Inashika ncha mbili na kuziunga hivyo hivyo, kama fundi cherehani anayeunga kanga bila kujali maua yanakutana wapi. Mara nyingi inatosha, lakini herufi chache hupotea, na kosa hukaa miaka likingoja seli iamke ilirithishe.

Tukimpiga panya mionzi kisha tukaitia rangi protini ya H2AX, ambayo hubebeshwa fosfeti pale DNA inapokatika, hadubini inaonyesha kiini kikiwa na vidoa vinavyong'aa, kila kimoja takriban mkato mmoja. Kesho yake vingi vimeshafutika. Mimi navizia vile vilivyogoma. Seli yenye vidoa sugu huweza kujiua kwa amri ya p53, protini inayolinda DNA, au ikaacha ushina na kugeuka astrosaiti, seli tegemezi ya ubongo. Kwangu, huko kuacha kazi ndiko kuzeeka hasa.

Je, tuzime breki? Panya waliokosa jeni ya p16, moja ya breki zinazozuia seli kugawanyika, walibaki na seli shina zaidi uzeeni, kweli. Lakini p16 hiyo hiyo hukosekana katika saratani nyingi za ubongo. Asanteni, hapana.

Kwa binadamu bado tunabishana kama seli shina hizi huzaa nyuroni (seli za neva) mpya: utafiti wa 2013 ulikadiria nyuroni mpya 700 kwa siku katika kila hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, wa 2018 haukuona karibu chochote kwa watu wazima. Madaktari wa mionzi hawakungoja tumalize ubishi. Sasa, pale uvimbe unaporuhusu, hupanga miale iikwepe hipokampasi, na majaribio yaliyochapishwa 2020 yalionyesha wagonjwa hao huhifadhi kumbukumbu vizuri zaidi.