Chini ya bahari si mchanga mtupu

Hapa Moshi, maji ya mlimani yakishuka ya kahawia wakati wa masika, hutakosa mtu wa kusema: "Udongo wetu huo unakwenda kutandika bahari nzima." Na kwamba huko chini kote ni mchanga, kama ufukwe wa Pangani.

Sivyo. Sehemu kubwa ya tope hilo hutuama kwanza kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Linalofuata mto Pangani hadi baharini huzama zaidi karibu na pwani. Mchanga ni mzito, hauendi mbali.

Kwenye vilindi mambo ni mengine, na ndiko kunakonivutia. Meli ya utafiti ya Uingereza, Challenger, iliyosafiri 1872 hadi 1876, ilizoa huko matope laini yaliyojaa magamba ya viumbe, wengi wao wadogo kuliko punje ya chumvi. Wakifa, magamba huanguka polepole kama unga unaochekechwa. Lakini kina kikizidi mita 4,500 hivi, magamba ya chokaa huyeyuka. Hubaki yale ya silika (madini yanayofanana na kioo), au udongo mwekundu, ambao kwa sehemu kubwa ni vumbi lililopeperushwa na upepo kutoka nchi kavu (jivu la volkano nalo limo). Udongo huo huongezeka kama milimita 1 kwa miaka 1,000.