Gebrauchsmusik ni nini? Muziki wa matumizi kupitia maisha ya profesa Paul Hindemith

Gebrauchsmusik ni muziki unaotungwa kwa kazi inayojulikana kabisa, yaani mtunzi hajashika hata kalamu ila anajua nani atapiga, atapigia wapi na uwezo wake unaishia wapi, inaweza kua watoto wa shule, bendi ya jeshi, watu wanaopiga vyombo nyumbani jioni wakitoka kazini, redio, filamu au msiba. Upande wa pili kuna ule muziki wa konsati peke yake, wachache wako jukwaani wanatoka jasho na wengine wote wamekaa kimya wanasubiri muda wa kupiga makofi. Ujerumani ya miaka ya 1920 hii ishu ilibishaniwa sana na jina lililoshikamana nayo kuliko yote ni la Paul Hindemith, mtunzi na profesa. Mi naona ukitaka kuielewa hii dhana pita kwenye maisha yake, maana kwake haikua nadharia ya darasani.

Alizaliwa 1895 huko Hanau karibu na Frankfurt, baba yake alikua fundi rangi wa nyumba, hela hamna, lakini mzee aliupenda muziki kupita kiasi akawasukuma watoto wake watatu wajifunze vyombo mpaka wakawa wanapiga mbele za watu kama kikundi. Paul akasoma chuo cha muziki cha Hoch pale Frankfurt, huku anapiga kwenye bendi za dansi apate kula, na akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo tayari ndo anaongoza vayolini kwenye okestra ya opera ya mji. Vita vya kwanza vya dunia vilimchukua baba yake, alafu na yeye mwenyewe akaitwa jeshini, akapewa ngoma kubwa kwenye bendi ya kikosi na pia akapiga kwenye kwateti, yaani kikundi cha wapiga vyombo wanne, iliyokua inampigia kamanda wake. Mwezi Machi 1918 walikua wanapiga kwateti iliyotungwa na Debussy, mtunzi Mfaransa, yaani mtu wa upande wa adui, katikati ya kupiga akaingia ofisa akasema redio imetangaza Debussy amefariki. Hawakuendelea. Hindemith alikikumbuka kisa hicho miaka mingi baadae, na kwangu hapo ndo unaona kwa nini hakutaka kamwe muziki uwe wa kujionyesha tu.

Mwaka 1927, ana miaka 31, akachukuliwa kua profesa wa utunzi kwenye chuo kikuu cha muziki cha Berlin. Wakati huohuo alikua anafundisha kwenye shule ya muziki ya watu wa kawaida kule Neukölln, mtaa wa wafanyakazi, na shule hiyo leo ina jina lake. Huku ndo muziki wa matumizi ukapata mwili. Mwaka 1930 akatunga mchezo wa watoto unaoitwa Wir bauen eine Stadt, watoto wanajenga mji wao, wanaimba wenyewe na kupiga wenyewe, tena watu wazima hawakua walengwa, ulikua wa watoto kujifunzia na kufurahia. Mwaka 1932 akaenda shule moja mji wa Plön kaskazini ya Ujerumani na kuwatungia wanafunzi muziki wa siku nzima: asubuhi vyombo vya shaba vinapigwa juu mnarani, mchana muziki wa mezani wakati wa chakula, kisha kantata, yaani kazi ya kuimba kwa kwaya na vyombo, jioni konsati. Ni kama fundi cherehani, anachukua vipimo kwanza ndo akate kitambaa. Sauti ya mtoto haifiki juu sana basi haandiki juu sana, shule haina chombo fulani basi sehemu ile inapigwa na kingine, lakini ladha yenyewe hapunguzi, na hilo ndo gumu kuliko kuandika kitu kigumu kwa wataalamu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa London, Januari 1936. Hindemith alikua ameenda kupiga konseto yake ya viola, yaani kipande cha chombo kimoja mbele ya okestra nzima (viola ni kama vayolini kubwa kidogo), pamoja na okestra ya BBC, ghafla usiku wa tarehe 20 mfalme George wa tano akafariki, konsati ikafutwa, ila wakubwa wa BBC pamoja na kondakta, yaani kiongozi wa okestra, Adrian Boult bado walimtaka ashiriki kwenye muziki wa maombolezo. Wakatafuta kipande kinachofaa wakakosa. Basi kesho yake wakampa ofisi, akakaa kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, akatoka na Trauermusik, ya viola na vyombo vya nyuzi, sehemu nne fupi, na ya mwisho imejengwa juu ya wimbo wa kanisani ambao Waingereza wengi wanaujua. Ikarushwa redioni moja kwa moja, Boult anaongoza na Hindemith mwenyewe kwenye viola. Masaa sita tu, na mpaka leo wapiga viola dunia nzima wanaipiga, kwa hiyo anayesema muziki wa kazi ni muziki wa haraka usio na thamani aisikilize hii kwanza.

Kwao Ujerumani mambo yalikua mabaya. Mke wake Gertrud baba yake alikua Myahudi, na Hindemith mwenyewe alipiga pamoja na wanamuziki Wayahudi, Manazi hawakumpenda. Kondakta Furtwängler alimtetea gazetini Novemba 1934, Goebbels, waziri wa propaganda wa Manazi, akamshambulia Hindemith hadharani, na 1936 muziki wake ukapigwa marufuku. Katika miaka hiyo aliisaidia Uturuki kupanga elimu ya muziki kule Ankara, 1938 akahamia Uswisi, 1940 akafika Marekani na kufundisha chuo kikuu cha Yale mpaka 1953, akarudi tena Uswisi, na akafia Frankfurt Desemba 1963.

Kwenye kitabu chake cha 1952 alilalamika kwamba jina hilo la Gebrauchsmusik lilimganda na haliachii. Namuelewa, maana wakosoaji walilitumia kumshusha, kama vile mtu akitungia watoto basi hawezi kutunga kitu kikubwa, wakati huyuhuyu ana opera na simfoni nzito.

Na kazi yake iliyoendelea kimyakimya ni sonata, yaani vipande vya chombo kimoja, mara nyingi kikisindikizwa na piano. Hindemith aliandika sonata karibu kwa kila chombo cha okestra, ikiwemo tromboni, basuni, besi kubwa na hata tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, mwaka 1955, vyombo ambavyo watunzi wakubwa walikua wanaviacha nyuma wakati wa kugawa nyimbo za mtu mmoja. Mwanafunzi wa tuba anayetafuta kitu cha maana cha kupiga na piano hana orodha ndefu, na sonata ya Hindemith ni kati ya vitu vya kwanza mwalimu wake atamwekea mezani.